Kuchanganya si Kuchakachua

Juzi nilimtumia baba mdogo picha ya chupa ya mvinyo mwekundu wa Corbières, eneo la vilima jirani, niliyoinunua hapa Narbonne, kusini mwa Ufaransa, nikamweleza kwamba ndani yake mna zabibu za aina tatu: Carignan, Grenache na Syrah. Akanijibu kwa neno moja: "Umechakachuliwa." Neno hilo limeniuma, kwa sababu baba mdogo ni mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, kule Dodoma, na anayo haki ya kulisema.

Huku mvinyo mwekundu wa aina moja ya zabibu hauruhusiwi kuitwa Corbières. Sharti aina ziwe mbili au zaidi. Syrah huwahi kuiva, nayo hutia rangi na harufu inayokaribia pilipili manga. Grenache huleta unono na nguvu ya kilevi. Carignan, inayostahimili ukame na upepo wa vilima vile vya mawe, huleta uchachu na ukakasi. Mara nyingi kila moja huchachushwa peke yake, kisha mtengenezaji huonja, akapima, akaonja tena, na hakuna anayeficha kwamba amechanganya.

Najua mtasema kwamba kijana wa Dodoma ameonja vya Ufaransa na sasa anadharau vya kwao. Sidharau hata kidogo. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, na majirani zangu hapa, wanaovuna mara moja tu, wakisikia hivyo huniomba nirudie. Wala sisemi kwamba Wafaransa walizaliwa waaminifu. Mwaka 1907 wakulima wa hapa, wakiongozwa na Marcelin Albert wa kijiji cha Argeliers, waliandamana kwa malaki kwa sababu soko lilijaa mvinyo wa sukari na maji, nao wao walikuwa wakifa njaa. Hapa hapa Narbonne askari waliwafyatulia watu risasi, wakaua. Sheria ya Juni 29 mwaka huo ndiyo iliyomlazimu kila mkulima kutangaza kiasi alichovuna, ili mvinyo usizidi zabibu zilizouzaa.

Kwetu je? Mchuzi wa zabibu za baba mdogo, yaani juisi iliyokamuliwa, humiminwa kwenye tangi pamoja na wa wenzake, na tangu hapo hajui umeishia katika chupa ipi wala umeongezwa nini. Kuna misimu ambayo hata tangi halipatikani, zabibu zikakauka mtini zikimsubiri mnunuzi. Mtanijibu kwamba tatizo ni mtaji. Mkulima wa Maraussan, kijiji cha huku Ufaransa, mwaka 1901 naye hakuwa na mtaji, ndiyo maana yeye na wenzake walianzisha ushirika, wakauza mvinyo wao wenyewe, na baadaye wakajenga ghala moja la pamoja.

Mimi natamani chupa iliyoandikwa Mpunguzi, na chini yake, kwa herufi zinazosomeka, Makutupora, zabibu yetu ya Dodoma, na Syrah, pamoja na kiasi cha kila moja. Hiyo nitamnunulia baba mdogo kwa bei yoyote, nimfungulie mwenyewe.