Wafanyakazi wa kumbi za sinema nao wapewe haki yao

Makala yenu kuhusu vituko vilivyotangaza filamu za kutisha Marekani nimeipenda, ila mwandishi amempa mtengeneza filamu William Castle sifa zote, na wafanyakazi wa kumbi za sinema za mitaani hakuwagusa kabisa. Hilo limeniuma, maana jasho lilikuwa lao.

Chukueni filamu yake ya House on Haunted Hill ya mwaka 1959. Wazo la kiunzi cha mifupa kupita juu ya vichwa vya watazamaji lilikuwa la Castle, sawa. Lakini alihitajika mtu wa kufunga waya, akae tayari gizani na kukiachia pale pale panapotakiwa, onyesho baada ya onyesho. Akichelewa kidogo tu, hofu yote imekwisha. Watoto walipokizoea wakaanza kukirushia maboksi ya bisi. Aliyeyaokota ni nani?

The Tingler, filamu yake nyingine ya mwaka huohuo, ilitaka vimota vifungwe chini ya viti ili vitetemeke. Hiyo nayo ni kazi ya fundi, tena ya kuinama.

Kwangu mimi, kilichofana kuliko vyote ni kile cha filamu ya Psycho, 1960: mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, aliagiza asiingie mtu filamu ikishaanza. Hapakuwa na mifupa wala waya, ila mlangoni kulikuwa na mtu wa kumzuia mteja mwenye pesa mkononi, na foleni barabarani ikawa tangazo tosha.

Mhariri, tunaomba makala ya pili inayowahusu watu hao.