Mafuta mingi na gunia la viazi

Hasira ya wengi si lazima iwe hasira ya tabaka, yaani ya watu wenye nafasi moja katika kumiliki mali na kufanya kazi. Wanaomsoma Karl Marx, mwanafikra wa Ujerumani, harakaharaka huzichanganya mbili hizi, na Uganda imewahi kulipia kosa hilo.

Mwaka 1949 wakulima wa Buganda walidai jambo linaloshikika: wachambue pamba yao wenyewe na kuuza mazao yao kwa uhuru. Dai hilo liliuliza kinu cha kuchambulia pamba ni cha nani na bei inapangwa na nani. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia, waliomiliki maduka na viwanda vingi, siku 90 waondoke, na wengi wakashangilia. Uchungu ulikuwa na mizizi ya kweli, ila swali la kinu likawa limegeuzwa swali la ngozi. Maduka na viwanda vikagawiwa kwa wanajeshi na jamaa zao, ndipo tukapata jina la matajiri wapya, mafuta mingi. Sukari na sabuni zikahamia kwenye magendo. Kiti cha tajiri kilibaki palepale, kikakaliwa tu na mwingine, na mfanyakazi akabaki chini yake.

Marx alikwisha kuliona hili Ufaransa. Mwaka 1852 aliwafananisha wakulima wadogo na viazi ndani ya gunia: wanaishi maisha yaleyale, lakini kinachowaweka pamoja ni gunia. Wasipoweza kujisemea, atatokea wa kuwasemea. Kwao alikuwa Louis Bonaparte, mtawala wa Ufaransa wakati huo.

Sasa tazama steji yoyote ya boda boda Kampala. Polisi wakikamata pikipiki moja, steji nzima inapiga kelele. Mwenye pikipiki akipandisha hesabu ya siku, yaani fedha anayopelekewa na dereva kila siku, kimya. Kwa nini? Kwa sababu steji si tabaka moja. Yupo anayeendesha pikipiki yake, yupo anayelipa mkopo, yupo anayepeleka hesabu kwa mwenye mali, na pengine mwenyekiti mwenyewe ana pikipiki tatu alizokodisha. Hisia ya udugu inawafunika wote blanketi moja.

Tufanye hesabu ya mfano. Pikipiki ni shilingi milioni 6, dereva anapeleka 12,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 312,000. Katika mwezi wa 20 bei yote imerudi, na pikipiki bado si yake. Petroli, oili na tairi kalipia yeye. Akivunjika mguu, mfuko wa steji unamchangia, na mchango huo umetoka kwa madereva wenzake. Udugu huu nauheshimu sana, lakini unambebea mwenye mali gharama ambayo ilimpasa aibebe.

Dereva huyo atakuambia yuko huru, hana bosi wa kumpigia kengele. Simcheki. Katika kitabu chake cha 1867, Das Kapital, Marx aliandika kwamba ujira wa kipande, yaani malipo kwa kila kipande cha kazi, humpa mfanyakazi hisia ya uhuru na kujitegemea, na papo hapo humshindanisha na mwenzake. Dereva wa hesabu halipwi kwa kipande, ila mtego ni uleule: akiongeza kazi ya muda wa saa mbili usiku anadhani amejiongezea yeye, kumbe kesho hesabu inapangwa kwa kipimo cha wanaolala kwa muda wa saa nne tu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Umaksi unammeza mtu binafsi. Ilani ya Chama cha Kikomunisti ya 1848, aliyoiandika Marx na Engels, inasema maendeleo huru ya kila mmoja ni sharti la maendeleo huru ya wote. Kila mmoja ametajwa kwanza. Anayemmeza mtu ni umati unaomtaka ashangilie bila kuuliza mali inaenda kwa nani.

Dereva akienda peke yake kuomba apunguziwe hesabu, pikipiki inapewa kijana mwingine jioni hiyohiyo. Kwa hiyo wanaopeleka hesabu wakutane peke yao, bila wenye pikipiki, hata kama ni saba tu. Kwa wiki nne kila mmoja aandike kwenye daftari moja: alichoingiza, alichopeleka, petroli, matengenezo. Wakae na madereva wa steji jirani wanaopeleka kwa wenye mali walewale, maana mgomo wa steji moja huvunjwa na steji ya pili. Dai la kwanza liwe dogo na la kupimika: tairi na oili zilipwe na mwenye pikipiki, naye achangie mfuko wa matibabu kwa kila pikipiki aliyoiweka barabarani.