Faiba Hufuata Hesabu: Mji Mdogo Ufanye Nini Ili Ufikiwe

Tangu Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam, pwani yetu haijakosa nyaya za intaneti za baharini. TEAMS uliingia Mombasa mwaka huohuo, EASSy ukafuata 2010, na mingine imeongezeka baadaye. Nchi kavu, Kenya ililaza NOFBI, mkongo wake wa taifa, na Tanzania ikajenga Mkongo wa Taifa unaosimamiwa na shirika la simu la TTCL. Hata hivyo iko miji mingi ambako mkongo umefuata barabara kuu, ukaingia ofisi ya serikali, ukaishia hapo. Zahanati na fundi wa video walio mita 600 kutoka ofisi hiyo bado wananunua bando za simu. Mji wa namna hiyo unaweza kuivuta faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaobeba intaneti, hadi mlangoni, lakini kila njia ya kuivuta ina gharama yake, na baadhi ya gharama hizo hujitokeza baada ya miaka mitano.

Tuanze na jinsi kampuni inavyoamua, kwa sababu barua nyingi za maombi kutoka kwa viongozi wa mitaa hazigusi jambo hilo kabisa. Tuseme kupitisha waya mbele ya nyumba moja kunagharimu shilingi 8,000 za Kenya, na kuiunganisha nyumba hiyo, yaani waya wa kuingia ndani, ruta na kazi ya fundi, ni shilingi 10,000 zaidi. Zile 8,000 hulipwa hata kwa nyumba ambayo haitajiunga kamwe. Ikiwa nyumba 10 kati ya 100 zitajiunga, kila mteja anabeba 80,000 za njia na 10,000 zake mwenyewe, jumla 90,000. Zikijiunga 40, kila mteja anabeba 30,000. Kama kampuni inabakiwa na 1,500 kwa mwezi kwa kila mteja baada ya kulipia umeme, mafundi na intaneti ya jumla inayoinunua kwa kampuni kubwa, fedha zitarudi kwa miezi 60 katika hali ya kwanza na miezi 20 katika ya pili. Mji ni uleule na waya ni uleule. Kilichobadilika ni idadi ya wanaojiunga, na hiyo ndiyo namba ambayo wenyeji wanaweza kuigusa kwa mikono yao.

Ndiyo maana ninaona orodha ya wateja ina uzito kuliko ziara ya mbunge. Orodha yenye maana ina mahali hasa nyumba au duka lilipo kwenye ramani ya simu, matumizi ya sasa ya bando kwa mwezi, bei ambayo mtu yuko tayari kulipa, na amana ndogo iliyowekwa kwenye akaunti ya SACCO inayoaminika, ya kurudishwa mradi usipokuja. Bila amana, orodha hujaa majina ya watu wasioweza kukataa wanapoombwa na jirani. Wateja wakubwa waandikwe kwanza: hospitali, shule, SACCO, kituo cha mafuta, hoteli, ofisi za kata au wadi. Taasisi 15 zenye mikataba ya miaka mitatu zinaweza kulipia njia kuu peke yake, nyumba za kawaida zikawa faida ya juu. Na kwa kuwa ni taarifa za watu, aliyezikusanya ana wajibu wa kisheria wa kuzilinda. Kenya ina sheria yake ya 2019.

Njia hii ina doa, na Kansas City ya Marekani ililionyesha wazi. Google ilipotangaza mwaka 2010 kwamba inatafuta mji wa kujenga faiba, miji takribani 1,100 iliomba. Mji wa Topeka ulijiita Google kwa mwezi mzima. Mwaka uliofuata ikachaguliwa Kansas City, iliyokuwa tayari kutoa vibali kwa haraka na nafasi ya kuweka mitambo. Mwaka 2012 kampuni ikaugawa mji katika mitaa, kila mtaa ukitakiwa kufikisha kati ya asilimia 5 na 25 ya nyumba zilizojiandikisha kwa dola 10. Mitaa ya wenye nacho ilifika mapema. Mashariki ya barabara ya Troost, ambako wakazi wengi ni Weusi wa kipato cha chini, watu wa kujitolea walilazimika kupita nyumba kwa nyumba hadi siku za mwisho. Utaratibu huohuo ukiletwa kwetu bila kurekebishwa, eneo la nyumba za kupanga litabaki nyuma ya mtaa wenye mageti. Dawa yake ni kuuza mji kama kifurushi kimoja: anayetaka barabara ya benki na hoteli achukue pia mitaa miwili ya nyuma, kwa tarehe iliyoandikwa.

Nyumba za kupanga zina kikwazo kingine ambacho hakionekani kwenye ramani. Fundi anafika na waya, anaambiwa na mtunza nyumba kwamba mwenye jengo amekwisha kukubaliana na kampuni moja, au kwamba kupanda ngazi kuna ada. Wapangaji 24 wanaotaka kujiunga wanakwama kwa sababu ya mtu mmoja asiyeishi pale. Kamati ya mtaa inaweza kupata saini za wenye majengo kabla kampuni haijaja, kwa fomu ya ukurasa mmoja: ruhusa ya kupitisha waya, mahali pa kisanduku, na kwamba hakuna kampuni inayopewa jengo peke yake. Kazi hii haina gharama kubwa na huokoa wiki kadhaa.

Sasa ada za barabara, ambako ubishi ni mkali. Nchini Kenya mtaro mmoja unaweza kugusa barabara za mamlaka za taifa KeNHA, KURA na KeRRA, na za kaunti; Tanzania kuna wakala wa barabara TANROADS na TARURA. Kila mmoja ana fomu, ada na muda wake wa kujibu. Kampuni zinasema ada za kila mita, zikilipwa tena kila mwaka, huua njia za miji midogo kwa sababu wateja hawatoshi kuzibeba. Wanachosema ni kweli: rejea hesabu ya hapo juu, ongeza gharama ya kupita mbele ya nyumba kwa robo tu, uone miezi inavyosogea. Lakini kaunti nazo hazisemi uongo. Barabara iliyochimbwa na kufukiwa vibaya hutitia mvua ya kwanza, na anayeitengeneza ni mlipa kodi.

Louisville, Kentucky, iliruhusu Google ipitishe nyaya kwenye mfereji wa kina cha takribani sentimita 5 tu ili kazi iende haraka. Ule mchanganyiko wa kuzibia ulichomoka, nyaya zikaonekana juu ya lami, na Aprili 2019 kampuni ikazima huduma na kuondoka. Ilikubali kuilipa jiji dola milioni 3.84 za kurekebisha barabara. Funzo ninalolichukua hapo ni kwamba ada na dhamana ni vitu viwili tofauti. Ada ya kupita iwe ndogo, ya kulipia ukaguzi tu. Dhamana ya kurudisha barabara iwe kubwa, ishikiliwe hadi mvua za msimu mmoja zipite, kisha irudishwe baada ya mhandisi kukagua. Kampuni makini haiogopi dhamana itakayorudi, lakini ada ya kila mwaka isiyo na mwisho huikimbiza.

Bora zaidi ni mji kumiliki mabomba. Sehemu kubwa ya gharama ya kulaza faiba ardhini ni kuchimba na kufukia, na bei ya waya wenyewe ni ndogo kando ya hiyo. Barabara inapojengwa upya au bomba la maji linapolazwa, mtaro uko wazi tayari. Kuongeza mabomba mawili au matatu ya plastiki ngumu ya milimita 40 kwa kina cha mita 1 hadi 1.2 ni nyongeza ndogo. Baadaye kampuni yoyote hukodi bomba na kuvuta waya wake bila kugusa lami. Hapa ndipo kazi huharibika kimyakimya: mabomba yanaachwa bila vifuniko na kujaa tope, hayawekewi kamba ya kuvutia, hakuna visima vya kuyafikia kila mita 200 hadi 300, yanapondwa penye makalvati, au ramani inabaki kwenye kompyuta ya mkandarasi aliyekwisha kuondoka. Kabla ya kupokea kazi, mkaguzi apitishe kigogo cha kupimia kutoka kisima hadi kisima, chenye kipenyo kidogo kuliko bomba. Kikikwama, malipo yasubiri.

Je, mji ujenge mtandao wote wenyewe? Chattanooga, Tennessee, ndio mfano unaotajwa kila mahali. Shirika lake la umeme, EPB, lilianza kuuza kasi ya gigabiti moja kwa sekunde mwaka 2010 katika eneo lake lote. Utafiti wa mwanauchumi Bento Lobo ulikadiria faida ya dola bilioni 2.69 na ajira zaidi ya 9,500 katika miaka kumi. Anayetaja namba hizo ataje pia kwamba EPB ilipata ruzuku ya serikali kuu ya dola milioni 111.6, kwamba nguzo na wateja wa umeme vilikuwa vyake tayari, na kwamba sehemu ya faida hiyo imetokana na kupungua kwa muda wa umeme kukatika, kwa kuwa faiba ileile inaendesha swichi za gridi.

Provo, Utah, haukuwa na bahati hiyo. Ulikopa karibu dola milioni 40, ukajenga, lakini ukabaki msambazaji wa jumla unaotegemea kampuni nyingine kuleta wateja. Hawakutosha. Mwaka 2013 mtandao ukauzwa kwa Google kwa dola moja, huku wakazi wakiendelea kulipa deni hilo kupitia bili zao za huduma. Kwa halmashauri zetu, ambazo malipo ya wakandarasi huchelewa miezi, singeshauri kuchukua mkopo wa kuendesha huduma ya intaneti. Mabomba, ndiyo. Kuajiri mafundi wa kupokea simu saa nane za usiku, hapana.

Kati ya hizo mbili iko njia ya ushirika. B4RN, iliyoanza 2011 vijijini Lancashire, Uingereza, iliuza hisa kwa wakazi, wakulima wakaruhusu mitaro ipite mashambani bila malipo, wenyeji wakachimba wenyewe, na huduma ikaanza kwa pauni 30 kwa mwezi kwa gigabiti moja. Kwetu sehemu ya kuigwa ni ruhusa ya ardhi na nguvu kazi. Sehemu ngumu ni nyingine: kununua intaneti ya jumla kutoka mji mkubwa kwa bei nafuu, na kuwa na fundi wa kuunga nyuzi aliye karibu. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina leseni maalumu ya mitandao ya jamii, na TunapandaNET ya Kibera imeonyesha kwamba watu wa mtaa wanaweza kuusimamia mtandao wao, ingawa kwa mawimbi ya redio na si faiba.

Na uchumi wenyewe, utakua? Jonas Hjort na Jonas Poulsen, mwaka 2019, walilinganisha maeneo ya Afrika yaliyokuwa kwenye njia ya mkongo na yasiyokuwa, kabla na baada ya nyaya za baharini kufika. Ajira ziliongezeka, hata kwa watu wenye elimu ndogo. Huo ni ushahidi mzito. Lakini haumaanishi kwamba kila duka litanufaika. Sehemu kubwa ya biashara zetu za kila siku inapita kwenye M-Pesa, na M-Pesa haihitaji faiba. Wanaonufaika upesi ni wanaopakia mizigo mizito. Picha za CT za mgonjwa mmoja zenye megabaiti 500, zikitumwa kwa daktari wa rufaa kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, huchukua zaidi ya dakika 13. Kwa megabiti 100 ni sekunde 40. Studio za video, vituo vya kupokea simu za wateja wa nje, hoteli na vyuo viko kundi hilohilo. Mji usiokuwa na hata mmoja wao utapata burudani kwanza na ajira baadaye, na ni haki wananchi waambiwe hivyo mapema.

Wengine watauliza kwa nini tusingoje setilaiti. Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na kwa boma lililo peke yake ni jibu zuri kuliko kilomita nane za nguzo. Lakini uwezo wake hugawanywa kwa eneo: kuanzia Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa miezi kadhaa kwa sababu nafasi ilijaa. Kwa mji wenye nyumba zilizobanana, faiba bado haina mpinzani.

Hata faiba hugawanywa, na hilo liingie kwenye mkataba. Katika GPON, mfumo unaogawa uzi mmoja wa faiba kwa wateja wengi, mlango mmoja wa mtambo wa mjini hutoa gigabiti 2.5 hivi kwa sekunde za kushusha na 1.25 za kupakia kwa wateja 32 au 64. Wakivuta wote kwa pamoja, kila mmoja anapata takribani megabiti 78 au 39. Ulizeni ni wangapi kwa mlango, na kiasi gani cha intaneti ya jumla kinaingia mjini saa mbili usiku. Ulizeni njia ya pili ni ipi: tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja kusini mwa bahari yetu, Tanzania na jirani zake zilihisi mara moja, na mji wenye njia moja tu hukatwa vivyo hivyo na greda la barabara kila msimu wa ujenzi. Betri za mtambo wa mjini zidumu saa nane angalau, kwani ruta ya nyumbani huwashwa na kibetri cha volti 12 lakini haina faida kama mtambo umezimika. Muda wa kutengeneza waya uliokatika uandikwe kwa saa, na punguzo la bili liende kwa mteja bila yeye kuomba. Kampuni ikifunga shughuli, ramani, orodha ya nyuzi na funguo za visima vikabidhiwe kwa mji ndani ya siku 30, kwenye faili linalofunguka bila programu ya kampuni hiyo.