Proksi ya bure ni sanduku la posta la shule

Zamani kijijini kwetu barua zote zilipitia sanduku la posta la shule ya msingi, S.L.P. moja watu kibao, mwalimu akienda mjini kuchukua mshahara ndo anarudi na furushi la barua. Aliyekuandikia hajui nyumba yenu iko wapi, anajua sanduku tu. Ila mwalimu sasa! Alikuwa anajua nani kaandikiwa na nani, na mkopo wa nani umekataliwa.

Proksi ya kushea, yaani seva ya mtu mwingine inayokupitishia intaneti yako, ndo hiyohiyo. Mko watu mia mnatoka na anwani moja ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni), tovuti inaiona ile seva haikuoni wewe, hapo sawa, lakini mwenye seva anakuona vizuri tu, na ukifungua tovuti isiyo na https, ile inayofunga ujumbe usisomwe njiani, basi umetuma barua bila bahasha, anasoma mpaka paswedi. Ikiwa nayo ataishia kuona umeenda tovuti gani na saa ngapi. Halafu mtu anawasha proksi ajifiche, kisha analogin Facebook kwa jina lake la ubatizo, sasa hapo unamficha nani?

Na dhambi za wenzio unabeba. Kuna proksi niliitumia kila tovuti inanichagulisha vipicha vya taa za barabarani kuthibitisha mi si roboti, mara nimeblokiwa kabisa, kumbe kuna mwenzetu humo anarusha spamu.

Uganda Julai 2018 walivyowekewa kodi ya shilingi 200 kwa siku ya WhatsApp na Facebook watu walikimbilia VPN za bure (ndugu wa proksi, nazo zinapitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu), na Tanzania wakati wa uchaguzi 2020 tulifanya hivyohivyo, wala simlaumu mtu. Ila seva zinalipiwa na nani? Hola, VPN ya bure, ilikuwa maarufu kweli, 2015 ikajulikana kwamba intaneti yako we mtumiaji wa bure inauzwa, watu wengine wanapitishia mambo yao kwako. Yaani wewe ndo umegeuzwa sanduku la shule! Onavo, VPN ya Facebook, nayo ilijiita mlinzi huku inaipelekea kampuni habari za app unazotumia, ikaondolewa kwenye duka la Apple 2018.

Mi siku hizi nalipia VPN, najua mwalimu bado yupo ila huyu angalau nimemchagua mwenyewe, na mambo ya benki sipitishii kwenye proksi ya mtu, naingia na bando langu la kawaida.