Seti tupu si sawa na seti isiyokuwepo

Redis, hifadhidata inayoweka data kwenye kumbukumbu ya kompyuta chini ya majina yaitwayo funguo, haijui orodha tupu. Ukitoa kipengele pekee kilichobaki kwa amri ya LPOP, ufunguo wenyewe unafutika papo hapo. Seti (mkusanyiko usiorudia vipengele) na heshi (jozi za jina na thamani) ni vivyo hivyo. Ukiuliza LLEN (urefu wa orodha) ya ufunguo ambao haujawahi kuandikwa, unajibiwa 0, bila kosa lolote.

Kwa foleni za kazi naupenda utaratibu huu. Huandai orodha kabla ya kuanza, hufagii baada ya kumaliza. Ila kumbuka kuwa muda wa kuisha uliowekwa kwa amri ya EXPIRE hufutika pamoja na ufunguo. Ukisukuma kipengele kipya, TTL, amri ya kuuliza muda uliobaki, itakujibu -1: ufunguo upo, wala hauna siku ya kuisha.

Ugomvi wangu uko kwenye kache, yaani Redis ikitumika kuweka nakala ya majibu ya hifadhidata kuu. Mtumiaji hana rafiki hata mmoja. Nimeuliza hifadhidata kuu, nimejibiwa, sasa nalihifadhi wapi jibu hilo? SADD, amri ya kuongeza kwenye seti, inadai angalau mwanachama mmoja. Basi kila akifungua ukurasa wake, SMEMBERS, amri ya kusoma seti nzima, inarudi mikono mitupu, nami sijui kama hana marafiki au bado sijauliza. Narudi hifadhidata kuu tena na tena kwa ajili ya watu wasio na chochote cha kuonyesha.

Wengi hutia mwanachama bandia ndani ya seti. Nilifanya hivyo. SCARD ikamhesabu, SINTER ikamtoa kama rafiki wa pamoja wa watu wasiofahamiana, na mtumiaji akaona kwenye skrini rafiki aitwaye "__tupu__". Sirudii.

Siku hizi natumia ufunguo wa pili wenye maana moja tu: nimethibitisha kwamba hana. Usiupe maana ya "nimeshapakia", kwa sababu Redis ikiiondoa seti kumbukumbu inapojaa, na ufunguo huo wa pili ukabaki, mwenye marafiki mia ataambiwa hana hata mmoja. Rafiki akiongezwa, nafuta funguo zote mbili, usomaji unaofuata ujenge upya. Simtii moja kwa moja, maana SADD juu ya seti iliyokwisha kutoweka huzaa seti ya mtu mmoja inayojidai kamili.

Kinachoniudhi ni kwamba mitiririko ya Redis (streams, aina ya data inayopanga matukio kwa mfuatano) imeruhusiwa: hubaki hata urefu ukiwa 0, kwa kuwa huenda ina vikundi vya wasomaji. Kumbe inawezekana. Seti nayo ingepewa hiari hiyo, hata kwa amri moja tu, ningefuta msimbo mwingi.