Sindano kwanza au kisu kwanza? Uvimbe wa taya na hesabu ya siku

Mtoto wa miaka sita anatoka Kizingitini kwa boti, anashukia Mokowe, anapanda basi la Witu na Garsen, anafika Malindi shavu la kulia limejaa. Ufizi hauna usaha, ila magego mawili yanacheza. Jino moja limeshang'olewa huko alikoanzia na uvimbe haukushuka hata kidogo. Daktari aliyezoea watoto wa pwani atafikiria limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga inayokua kwa kasi, kabla hajakaa kitini. Kinachobishaniwa ni namna ya kuithibitisha. Je, achomwe sindano nyembamba ya kuvuta seli leo na slaidi isomwe leo, au asubiri zamu ya chumba cha upasuaji, akatwe kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, kinyama hicho kisafirishwe Mombasa au Nairobi, na dawa isiguswe mpaka jibu lirudi?

Wanaotaka kisu si watu wa kubeza. Chini ya darubini, watoto hupata saratani kadhaa zenye seli ndogo, za duara, zenye rangi ya buluu, na kwa jicho tu zinafanana kama punje za mtama. Limfoma ya limfoblasti, saratani ya seli changa za kinga, ndiyo mtego mkubwa: hutibiwa kwa karibu miaka miwili, wakati Burkitt hutibiwa kwa miezi michache. Ukikosea hapo umemharibia mtoto nafasi yake ya kwanza, ambayo ndiyo nzuri kuliko zote. Kinyama kilichokatwa hupakwa kingamwili za maabara, na jibu husimama kwa miguu yake: alama za Burkitt, yaani CD20 na CD10, ndiyo; TdT, alama ya seli changa za limfoblasti, hapana; Ki-67, alama ya seli zinazojigawa, ikikaribia asilimia 100. Tena CD20 si pambo. Jaribio la kimataifa lililochapishwa 2020, la watoto wenye limfoma kali za seli B (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili), lilionyesha kwamba kuongeza rituximab kwenye dawa za kawaida kulipandisha idadi ya waliofika miaka mitatu bila ugonjwa kurudi au tukio jingine baya kutoka asilimia 82.3 hadi 93.9. Na rituximab ni dawa inayoshika CD20.

Hayo yote ni kweli, ila yanamchukulia mtoto kana kwamba amewekwa kwenye friji.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, aliuandika uvimbe huu 1958 akiwa Kampala. Safari yake ya 1961 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati ikaonyesha kwamba unafuata nchi za chini, zenye joto na mvua, zilezile za malaria. Leo sababu inaeleweka vizuri zaidi. Malaria inayorudi rudi huzisukuma seli B zijigawe kwa wingi ndani ya tezi, na huko kimeng'enya kiitwacho AID hukata DNA ili kingamwili ziboreshwe. Mara nyingine kinakata pasipostahili, na jeni ya MYC, inayoamuru seli ijigawe, ya kromosomu ya 8 hunaswa kwenye kromosomu ya 14, mahali pasipozimwa kamwe. Virusi vya Epstein-Barr huisaidia seli hiyo isife, na seli T ambazo zingevizuia zimechoshwa na malaria ileile. Matokeo yake ni seli isiyojua kusimama.

Sasa tupige hesabu. Seli hizi hujigawa kwa takriban saa 24 hadi 48. Uvimbe wenyewe huenda polepole kuliko hapo kwa kuwa seli nyingi hufa njiani, basi tuwe wapole tuseme unakuwa maradufu kila siku 3. Kungoja zamu ya upasuaji, kifurushi kwenye basi, kukata vipande, kupaka, kusoma na kurudisha jibu: siku 12 ni makadirio ya mtu mwenye bahati. Hizo ni mara nne za kuongezeka maradufu. Mbili, nne, nane, kumi na sita. Ndimu ya sentimita 4 inakuwa balungi la sentimita 10, na balungi hilo liko karibu na koo la mtoto ambaye mwishowe atatakiwa kulazwa usingizi ili akatwe.

Na si ukubwa tu. Kipimo cha kwanza cha dawa huziua seli hizo kwa pamoja, nazo hupasuka na kumwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki kwenye damu. Figo huziba, moyo huvurugika. Kadiri uvimbe unavyokuwa mkubwa siku dawa inapoanza, ndivyo siku hiyo inavyokuwa ya hatari. Mtoto anayekufa siku ya pili ya matibabu huandikwa kuwa kauawa na ugonjwa au na dawa. Wiki mbili za kungoja haziandikwi popote.

Sindano yenyewe ni kazi ya dakika chache: geji 23, ile ya buluu, na bomba la mililita 10. Vuta, ipitishe ndani ya uvimbe huku na huku, kisha achia mvuto kabla ya kuitoa, la sivyo seli zitapanda kwenye bomba na hutazipata. Tone likianguka kwenye slaidi, litandazwe kwa mkono mwepesi, maana seli za limfoma zikikandamizwa hubaki nyuzi za buluu zisizosomeka. Rangi ni Giemsa, ambayo kila maabara inayosoma malaria kwa darubini tayari inayo. Seli ya Burkitt hujitambulisha kwa ute wa ndani ya seli wa buluu iliyokolea, wenye vitundu vyeupe vya duara kana kwamba umetobolewa kwa pini.

Hapo ndipo pwani inapoleta balaa lake. Hewa yetu ina maji. Slaidi ikikauka polepole, seli hunywea, kwa hiyo feni iwe inazunguka kabla hujachoma. Methanoli, inayogandisha seli kwenye slaidi kabla ya rangi, nayo hunyonya unyevu chupa ikikaa wazi, na methanoli yenye maji huacha vitundu vya uongo. Fikiria mtu anayetafuta vitundu ili atamke Burkitt, akaletewa slaidi yenye vitundu vya chupa! Kinga ni rahisi: tazama seli nyekundu zilizo jirani. Zikiwa nazo zimetobokatoboka, mwaga methanoli hiyo ufungue chupa mpya.

Kisu nacho kina makosa yake, ila hayasemwi sana. Kinyama kinataka formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama, na kikatwe vipande vyembamba. Formalini huingia polepole, pengine milimita moja kwa saa. Bonge zima lililosukumwa kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba huoza katikati kabla basi halijafika Kilifi, na kingamwili hazishiki kwenye nyama iliyooza. Ndipo jibu linalosifiwa kuwa la uhakika hurudi likisema: sampuli haifai, rudia.

Tena seli zilizoachana na nyama si za kudharauliwa. Sampuli ya uvimbe huu iliyotoka Uganda kwenda kwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi huko London, Desemba 1963, ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, ikafika maji yake yamechafuka. Ilidhaniwa ni bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe zilizojitenga zenyewe njiani, na katika seli zilizooteshwa kutokana na sampuli hiyo ndimo virusi vya Epstein-Barr vilipoonekana 1964.

Kwa taya na kwa tezi za shingo, basi, sindano itangulie. Kwa tumbo ningekuwa mgumu zaidi, kwa kuwa uvimbe wa figo hujificha humo na kuuchoma kuna madhara yake. Mchomo wa pili usipakwe kwenye slaidi bali usuuzwe ndani ya chupa ya formalini, utengenezwe bloku ya seli (seli zilizokusanywa pamoja zikakatwa kama kinyama), na CD20 na TdT zipimwe humo. Slaidi ikisema Burkitt, maji ya mshipa yaanze siku hiyohiyo: lita 3 kwa kila mita ya mraba ya mwili, yaani karibu lita 2.4 kwa siku kwa mtoto wa kilo 20, bila potasiamu ndani yake, pamoja na alopurinoli, dawa ya kuzuia asidi ya yuriki. Hayo hayahitaji jibu la Nairobi, na hata mshabiki wa kisu hana sababu ya kuyapinga. Deksamethasoni, dawa ya steroidi, ndiyo isiguswe kabla ya kuchoma, kwani huufinya uvimbe kwa siku mbili tatu na kumwachia msomaji slaidi tupu. Kama ameshapewa dukani, iandikwe kwenye fomu: lini, na vidonge vingapi.

Slaidi zifungwe kisanduku chake, chupa ya formalini iende mfuko mwingine. Vikisafiri pamoja, mvuke wa formalini huingia kwenye slaidi na Giemsa haishiki tena, na hapo sindano itakuja kulaumiwa kwa kosa la kifungashio.