Tageti ya mwezi: nani aipange, na kwa hesabu gani?

Mwisho wa mwezi ukipita Luanda, Mbale au Ahero, huku magharibi mwa Kenya, utakuta magari ya bidhaa yakizunguka sokoni hadi giza liingie. Wauzaji wa unga, sabuni na mafuta ya kupikia wanatafuta kufunga tageti, yaani kufikisha lengo la mauzo walilowekewa. Na kati ya wenye maduka ya jumla ya Kisumu na watu wao wa mauzo kuna mabishano yasiyoisha: tageti ipangwe na mwenye biashara, au ipangwe na timu inayoingia barabarani? Mwenye biashara anasema ukimwachia muuzaji ajipangie, atachagua namba anayoweza kuifikia bila kutoka jasho. Muuzaji naye anasema bosi hutoa namba hewani, kisha mtu anakosa kamisheni kwa hesabu ambayo hakuna anayejua ilikotoka. Wote wana haki, lakini nadhani wanagombania swali lisilo kiini cha tatizo.

Nianze na upande wa mwenye mali, maana ushahidi wake ni mzito kuliko wauzaji wanavyopenda kukubali. Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Locke, alichapisha hoja kwamba mtu aliyepewa lengo mahususi na gumu hufanya kazi vizuri kuliko yule aliyeambiwa ajitahidi tu awezavyo. Mtafiti mwingine, Gary Latham, aliipima hoja hiyo kwa watu wa kazi ngumu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1975, yeye na mwenzake walifuatilia madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, waliokuwa wakipakia takriban asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa na sheria. Wakaambiwa walenge asilimia 94. Baada ya miezi michache mzigo ulikuwa umefika karibu asilimia 90, bila kuongezwa hata senti moja ya malipo.

Kwa hiyo wanaotaka tageti ifutwe kabisa, timu ifanye kazi "kwa moyo", wajue wanachokitupa. Mikutano mingi ya Jumatatu asubuhi huisha kwa neno "jitahidini", na kila mtu hutoka pale akiamini tayari anajitahidi. Namba inamwonyesha mtu alipo Jumatano, siku ambayo bado anaweza kubadilisha ruti au kumpigia simu mteja aliyenyamaza.

Lakini wenye biashara wanaopenda ushahidi wa aina hii husahau sehemu moja ya habari ile ya Oklahoma. Madereva walihakikishiwa kwamba hawataongezewa safari, na kwamba mzigo ukipanda kisha ukashuka hakuna atakayeadhibiwa. Lengo lilikuwa juu, hofu ilikuwa chini. Kwetu mara nyingi lengo hupandishwa pamoja na hofu, na hapo ndipo namba inapoanza kudanganya.

Nimeona inavyodanganya, dukani Luanda, siku ya kufunga mwezi. Kijana wa mauzo aliingia na kitabu cha invoisi. Mwenye duka alikuwa bado na mabunda kama kumi ya unga chini ya kaunta, hayajaguswa. Kijana akamwomba apokee mengine 40. "Mama, nishikie tu nifunge mwezi. Wiki ijayo nakuja kuyachukua." Mama alikubali, kwa sababu kijana huyo huyo ndiye aliyemkopesha mali wakati wa karo. Mabunda yakapangwa hadi mlangoni, wateja wakapita upande. Kwenye karatasi kijana alikuwa amefikisha tageti na kupita. Wiki iliyofuata mali ikarudi stoo, pakiti kadhaa zimetobolewa na panya, na dizeli imechomwa kwenda na kurudi bila shilingi moja ya faida. Anayeagiza mali mpya Kisumu hakuyajua hayo. Aliona mwezi mzuri, akaagiza zaidi.

Ni rahisi kumwita kijana huyo mwongo. Mimi naona alijibu swali aliloulizwa. Aliulizwa ni mabunda mangapi yametoka kwenye gari, akajibu. Hakuulizwa mangapi yamebaki kwa mteja wala mangapi yamelipiwa. Makosa ya aina hii hayaishii kwenye biashara ndogo. Benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwabana wafanyakazi kwa malengo ya kuuza akaunti, na mwaka 2016 ikabainika kwamba akaunti zipatazo milioni 2 huenda zilifunguliwa bila idhini ya wateja. Ilitozwa faini ya dola milioni 185, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa.

Basi timu ijipangie yenyewe? Swali hili liliwahi kuwagawanya wataalamu. Mtafiti Miriam Erez wa Israeli alipata kwamba lengo lililopangwa kwa kushirikiana linafanya kazi vizuri zaidi. Latham alipata kwamba hakuna tofauti. Badala ya kurushiana makala, wakabuni majaribio pamoja, Locke akiwa mpatanishi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Ikaonekana walikuwa hawapimi kitu kimoja. Latham alipowapa watu lengo aliwaeleza sababu yake. Kwenye majaribio ya Erez watu walitajiwa lengo kwa ufupi, basi. Lengo linalotoka juu likiwa na maelezo lilifanya kazi karibu sawa na lililopangwa kwa pamoja.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Mwenye biashara ana haki ya kutoa namba, tena iwe ngumu. Asichokuwa na haki nacho ni kuitoa bila hesabu yake. Tuseme gari linakula shilingi 6,000 kwa siku, ukijumlisha dizeli na malipo ya dereva na utingo, na faida kwa kila katoni ni shilingi 40. Chini ya katoni 150 gari limerudi na hasara. Muuzaji akiona hesabu hiyo, 150 haiwi tena tamaa ya bosi.

Na hesabu ikiwekwa mezani, muuzaji naye anaweza kuisahihisha. Atakwambia kwamba mahindi yakishavunwa Bungoma duka linauza, na Januari pesa yote inakwenda karo. Atakwambia Muhoroni hununua miwa ikilipwa, na kwamba mvua ya Aprili ikizidi, Nyando hufurika na ruti ya Ahero inakatika. Tageti ya mwaka iliyogawanywa kwa 12 haijui lolote kati ya hayo.

Namba ya pili pia inahitajika ili kuilinda ya kwanza: mali iliyorudi, au deni lililopita siku zake. Kamisheni ilipwe baada ya zote mbili kusomwa. Kwa ruti mpya, ambako timu haijui wateja wala barabara, ningeacha mauzo kwanza, niwape lengo la kujifunza: walete orodha ya maduka 30, kila moja linanunua kwa nani na hulipa lini.

Anayekosa tageti naye asifukuzwe kwa ujumbe wa simu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikilizwe. Ni vigumu kumweleza mtu kwa nini ameshindwa kufikia namba ambayo hakuna aliyewahi kumweleza.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la siri. Wenye maduka ya jumla wanaogopa kwamba muuzaji akijua faida ya kila katoni, baada ya mwaka atafungua stoo yake mtaa wa pili, na wateja anao tayari. Hofu hiyo ina msingi, imetokea. Lakini bei ya kununua na ya kuuza muuzaji anaziona kila siku kwenye invoisi. Asichokiona ni gharama za gari, kodi ya stoo na madeni yasiyolipwa, yaani zile namba ambazo zingemfanya afikirie mara mbili kabla ya kuondoka. Mwenye biashara anaweza kuanza na gharama za gari peke yake, Jumatatu moja, na kusikia timu itasema nini kuhusu 150.